Kapu la Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuja kuishi kwetu Tunduma akiwa na kidonda chini ya kidole cha mwisho cha mguu wa kulia. Kidonda chenyewe hakikuzidi punje ya hindi, lakini sukari ilikuwa juu kiasi kwamba daktari alikitikisa kwanza kile kimashine chake, akidhani kimeharibika. Mzee alikuwa amekanyaga kisiki cha mti wa kahawa shambani kwake, upande wa Mbozi Mission. Hakusikia maumivu. Akaendelea kuchuma wiki nzima huku soksi imegandia mguuni.

Daktari alimvuta mume wangu ukumbini akamweleza pasipo kuzunguka. Sukari ikishuka, kidonda kitafunga na mzee atarudi shambani kwa miguu yake miwili. Isiposhuka, wataanza na kidole, na wakishaanza hakuna anayejua watakapoishia. Tukapewa dawa, tarehe za kliniki na karatasi yenye picha za vyakula.

Karatasi nilikabidhiwa mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayenunua chakula na mimi ndiye niliyesoma. Nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, watoto wawili mgongoni na mmoja tumboni, nikitoka kuuza vitenge na kwenda moja kwa moja darasani. Biolojia nilipata D. Siku mwalimu alipochora kongosho umeme ulikatika, na aliporudi wiki iliyofuata akaanza figo, kwa hiyo kongosho nalijua nusu. Lakini D ile nimeitumia kuliko watu wengine wanavyotumia A zao.

Tatizo halikuwa elimu. Katika ukoo nilikoolewa, mke wa mtoto na baba mkwe wanaheshimiana kwa kukwepana. Sikai naye meza moja. Simtazami usoni. Chumbani kwake siingii hata nyumba ikishika moto. Ningemmwagia maji kupitia dirishani. Nikiwa na neno namwambia mume wangu, mume wangu anampelekea baba yake, na jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo likiwa limechakaa. Zaidi ya yote, mkwe hamwambii baba mkwe asile. Sahani yake hujazwa mpaka ugali uwe na kilele. Sahani isiyo na kilele ni tusi, na habari yake ingefika Vwawa kabla mboga haijapoa.

Nilimwomba mume wangu amweleze baba yake yote aliyosema daktari. Mume wangu ni fundi wa matairi ya malori. Nimemwona akiinua tairi ambalo wanaume watatu walilizunguka tu wakikuna vichwa. Alikwenda barazani, akakaa na baba yake karibu saa nzima, akarudi. Nikamuuliza mzee amesemaje.

"Amesema sawa."

Nilipombana zaidi ikajulikana kwamba walizungumzia mvua.

Kwa hiyo mdomo sikuwa nao, na sahani haikuwa yangu kuipunguza. Kilichobaki mikononi mwangu kilikuwa kapu la sokoni. Nikaamua kwamba ikiwa mguu wa mzee utaokolewa, utaokolewa humo.

Sisi watu wa mpakani tuna ununuzi wetu wa ajabu. Hatununui tunachohitaji, tunanunua kinachoshuka. Sukari ikiwa rahisi ng'ambo, upande wa Zambia, tunavuka na kurudi nayo kama tunaandaa harusi tatu. Mafuta yakishuka upande wetu, kila nyumba inajaza madumu. Jikoni kwangu kulikuwa na madumu mengi kuliko kituo cha mafuta. Mikate ya asubuhi, biskuti za kumalizia chai, soda za wageni ambazo wageni hawakuzikuta kamwe. Mboga za majani nilinunua kama mtu anavyonunua kiberiti: kimoja, tena kwa kukumbushwa.

Kubadilisha vyote kwa siku moja kusingewezekana. Mzee angeona anafukuzwa kwa njaa, angepanda gari la Mbozi na kidonda chake. Nikaanza na mafuta kwa sababu hayaonekani sahanini. Niliacha kununua dumu, nikawa nanunua chupa ya alizeti, na chupa ile niliiwekea kijiko. Wiki ya kwanza nyumba nzima ililalamika kwamba maharage yanakwaruza koo. Wiki ya tatu hakuna aliyekumbuka.

Kisha majani. Mama wa genge la jirani, Mnamwanga mwenye ulimi kama wembe, alinijua kwa vitunguu na nyanya tu. Siku nilipochukua mafungu manne kwa mpigo, majani ya maboga, mnafu na chainizi, alinitazama na kuuliza kwa upole kama nimeanza kufuga sungura. Nikamwambia ndiyo, ninaye mmoja, ana miaka sabini na kitu na shamba la kahawa. Tangu siku hiyo, kila nikipita, aliuliza hali ya sungura.

Unga ulikuwa kazi kubwa zaidi. Wakulima wa Mbozi wa umri wa baba mkwe wangu hawali dona. Dona wanalihusisha na shule za bweni na mahabusu; mtu mwenye mahindi yake ghalani anayakoboa mpaka yawe meupe kama sare ya mwanakwaya. Kumpelekea baba mkwe dona ni kumwambia kwamba mwanawe ameshindwa maisha. Nikawa napeleka mahindi mashineni na kuomba debe moja likobolewe na sado moja isagwe hivyo hivyo, halafu nachanganya nyumbani. Mwezi wa kwanza kikombe kimoja cha dona kwa vitano vya sembe. Mwezi wa pili viwili. Rangi ilibadilika taratibu kama ukuta unaofukizwa moshi. Nilipoona hakuna aliyesema kitu nikaingiwa na tamaa, nikaongeza unga wa ulezi kutoka Momba.

Jioni hiyo mume wangu alikuja jikoni na uso wa mtu aliyetumwa.

"Baba anauliza ugali una nini."

Nikajibu kwamba una ulezi. Akaenda, akarudi.

"Anasema mama yake alikuwa anapika hivyo. Anasema usiweke kidogo kidogo kama mwizi."

Nilikaa juu ya kigoda nikacheka mpaka kufuli la geti likatikisika. Wiki zote zile nilikuwa nanyata na dona, kumbe mlango wa ulezi ulikuwa wazi tangu utoto wake.

Kilichobaki ni kilele. Sikuweza kukiondoa, lakini hakuna mila inayosema kilele kisimame juu ya sahani ya ukubwa gani. Nikaenda sokoni nikanunua sahani ndogo kidogo. Baada ya wiki mbili nikanunua nyingine, ndogo kuliko ile. Mlima ulikuwa ule ule, kiwanja ndicho kilichopungua. Mume wangu alishika moja siku moja, akaigeuza juu chini, akauliza kama sahani za nyumba hii nazo zinazeeka na kusinyaa. Nikamwambia ale.

Hivyo ndivyo nilivyokwenda, miezi miwili na siku kadhaa. Mikate ikawa viazi vitamu. Biskuti zikawa karanga. Sukari ya chai niliihamisha kutoka kopo kubwa kwenda kopo la dawa ya watoto, na kijiko chake kikawa cha kukorogea uji wa mtoto mchanga. Wakulima wetu wa kahawa, kama hujui, hawanywi kahawa. Wanaiuza na kununulia sukari ya chai. Sasa mzee alikunywa chai ya rangi bila kulalamika. Watoto wangu, waliokuwa wakilia soda kama watu wanaodai haki zao mahakamani, walizoea maji na maparachichi. Kapu langu lilikuwa safi hata malaika angelibeba.

Tukaenda kliniki. Kimashine kilisoma. Sukari haikuwa imeshuka hata kwa adabu. Kidonda kilikuwa kimepanuka kufikia ukubwa wa kifuniko cha chupa, na kingo zake zilikuwa nyeusi. Daktari alimvuta tena mume wangu ukumbini. Nilisimama nyuma nikisikia. Alisema mara ijayo hatutazungumza tena habari ya chakula.

Njiani mume wangu alisema labda kimashine ni kibovu. Nilikuwa napitia kapu langu kichwani, kitu kimoja kimoja, nikitafuta nilipokosea, na sikupaona.

Jibu nililetewa na sisimizi. Asubuhi moja nilikuwa nafagia nyuma ya nyumba nikaona mstari wao ukipanda ukuta, mnene kama kamba ya katani, ukiingia kwenye dirisha la chumba cha mzee. Nimekaa na sisimizi miaka mingi. Hawafungi safari kwa ajili ya majani ya maboga. Nikasimama na ufagio wangu. Kile chumba ndicho mahali pekee katika nyumba yangu ambapo sikuwahi kuweka mguu tangu alipohamia.

Nikamtuma mume wangu. Aliingia wakati baba yake ameketi barazani. Alitoka akafunga mlango taratibu.

"Mke wangu," alisema, "chini ya kitanda kuna duka."

Soda, juisi za boksi, biskuti, na makopo ya glukosi, yale ya unga mweupe ambayo watu humpelekea mgonjwa ili apate nguvu. Sikuhitaji kuuliza vilikotoka. Huku kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu, na mkono haujazwi kwa majani. Tangu habari ilipoenea kwamba mzee anaumwa sukari, walikuwa wakija: wanajumuiya wa kanisani, wakulima wenzake waliofika mpakani kwa shughuli zao, ndugu wa mbali ambao hata harusini hawakuonekana. Kila mmoja alimletea mgonjwa wa sukari sukari, kwa upendo kabisa. Na zawadi ya mgonjwa haipiti jikoni. Inaingia chumbani, inawekwa mkononi mwake, na mgeni haondoki mpaka amwone ameionja. Mzee alikuwa anaonja mara nne kwa siku. Mimi nilikuwa napima mafuta kwa kijiko huku chama kizima cha watu wema kikimimina soda kupitia dirisha la pili.

Nilimwambia mume wangu avitoe vile vitu. Mtu anayeinua matairi ya lori aliangalia viatu vyake.

"Siwezi kumkagua baba yangu kama forodha."

Sikumlaumu. Hata mimi nisingeweza. Nikaamua kwamba kama siwezi kugusa kilichokwisha kuingia, nitashika kinachoingia. Wageni wote waliokuja kwetu walinunulia zawadi dukani kwa mzee mmoja mpole, hatua chache kabla ya kona yetu, kwa sababu hakuna anayetembea na soda kutoka Mbozi. Nikamwendea. Nikamwomba kwamba kila anayesema anakwenda kumwona mgonjwa wetu amuuzie mayai, karanga, maharage ya Isongole au maparachichi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza kosa langu kama mwalimu mwenye huruma.

"Mama, parachichi halipokelewi. Mtu akibeba parachichi ataonekana amepita shambani kwake. Zawadi lazima ionekane imenunuliwa."

Alisema kweli. Tukakaa tukafikiri. Mwishowe alianza kuyapanga maparachichi matatu matatu kwenye mfuko wa zawadi wenye mpini wa kamba, ule unaotumika kwenye sendofu ya kumuaga binti anayeolewa, na trei ya mayai akaifunga utepe. Basi yakatoka. Wageni waliingia kwetu na mayai yaliyovaa kama bibi harusi, wakatoka wameridhika. Kwa wiki mbili nilijiona kama afisa biashara wa mkoa mzima wa Songwe.

Mchana mmoja nilikuwa mlangoni pa jikoni nachambua mnafu. Mzee alikuwa barazani kwenye kiti chake, amenipa mgongo, anatazama foleni ya malori kule barabarani. Mume wangu alikuwa kazini. Hapakuwa na mtu wa kati.

"Mama," alisema.

Nilidhani anaongea na mpita njia. Katika miaka kumi na mitatu ya ndoa hakuwahi kunitamkia neno moja kwa moja.

"Abee, baba."

"Mimi nimekuwa kuku? Wiki mbili naletewa mayai. Nani amewaambia watu wangu?"

Nilipiga magoti pale pale, mnafu mapajani. Nikasema ni mimi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, baba?"

Lori moja lilisogea, la nyuma yake likasogea, na yote yakasimama tena.

"Haya. Mimi naangalia huku, sikuoni. Na wewe hunioni. Niambie."

Nikamwambia. Nilianza na dona nikaungama sahani, kijiko, kopo la dawa, yote. Alicheka kidogo aliposikia habari ya sahani, niliona mabega. Kisha nikafika kwa daktari, na nilipotaja kukatwa, mabega yakasimama. Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuna aliyemwambia. Mara zote mbili daktari alizungumza na mume wangu ukumbini, kwa sababu kwetu habari mbaya ya mzee haipewi mzee, inapewa wanawe. Mume wangu alikuwa ameibeba miezi yote ile na kuzungumzia mvua. Baba yake aliambiwa tu kwamba sukari imepanda na ameze vidonge.

"Wangekata mguu?"

"Kidole kwanza, baba."

"Mkalijua hilo wote," alisema polepole, "mkaninunulia mchicha."

Kazi yote ile ya kapu, niliyojivunia hata mbele ya mama wa genge, ilikuwa njia ndefu ya kukwepa sentensi moja.

Alisimama, akaingia ndani akichechemea. Nilisikia kitanda kikiburuzwa. Akatoka na soda mikono yote miwili, akaziweka sakafuni barazani, mbali kidogo na mimi, akarudi. Alifanya safari nyingi. Sikumsaidia, kwa kuwa chumba kilikuwa bado chumba chake, na yeye hakuniomba. Mwisho alileta kopo moja la glukosi lililoliwa nusu, akaliweka juu ya mengine, akasema wapewe watu wa matairi. Wale mafundi walikunywa soda siku nne mfululizo na kufunga matairi kwa kasi ambayo madereva wa Kongo bado wanaisimulia.

Kliniki iliyofuata aliomba mwenyewe daktari aseme mbele yake. Mume wangu alitaka kusimama, baba yake akamwambia kaa. Sukari ilikuwa imeanza kushuka, lakini kidole kilikuwa hakisubiri tena. Kilikatwa wiki hiyo. Hakikuwa kidole kikubwa wala cha maana sana, mzee mwenyewe alisema hivyo, na nesi aliyemfunga bandeji alisema amewahi kuona watu wanaolilia ukucha. Jeraha lilichukua muda wake. Lilifunga. Mguu ulibaki.

Siku hizo za kusubiri alikuwa akiniuliza mambo akiwa barazani, uso barabarani, nami nikijibu kutoka jikoni. Alitaka kujua kwa nini wali wa Msangano unapandisha na maharage hayapandishi. Nikamwambia nilichokijua kuhusu kongosho, yaani nusu yake. Alisema nusu inamtosha, kwa kuwa hata yeye hajamaliza shule. Aliporudi Mbozi msimu wa kahawa ulikuwa umekaribia, na alitembea hadi kwenye gari mwenyewe, kwa kiatu kilichotengenezwa upya upande mmoja.

Tulikuwa na hofu, kwa sababu huko sina kapu. Anaishi na dada yake mkubwa, bibi ambaye anaamini mtu asiyeweka sukari ana deni la siri. Lakini jambo moja limebadilika. Simu, kumbe, haina uso. Mzee amegundua kwamba anaweza kuzungumza nami kwenye simu bila kuvunja heshima yoyote, na tangu agundue hilo haipiti siku ya gulio bila yeye kupiga. Anapiga simu ya mume wangu, hasalimii, anasema mpe mama. Niko dukani, niko na mteja wa vitenge, mume wangu ananikimbizia simu, napokea.

Juzi alikuwa amesimama gulioni mbele ya muuza ndizi mbivu. Nilisikia makelele ya watu na muuzaji akimhimiza aamue.

"Mama, ngapi?"

"Moja, baba."

Akamwambia muuzaji asubiri.

"Kubwa au ndogo?"

Nikasema ndogo. Akasema zilizopo hapa zote ni kubwa. Nikamwambia basi ale nusu, nusu nyingine ampe dada yake. Akasema hilo haliwezekani, dada yake ameshanunua mkungu, na sasa anataka kujua kwa nini kaka yake anaomba ruhusa ya kula ndizi kwa mkwe wake. Nikamsikia akimjibu, simu ikiwa bado sikioni kwake, kwamba anauliza kwa sababu ana vidole tisa vya miguu na anataka kuzeeka navyo vyote shambani.

Halafu akanirudia, sauti ya chini, kama mtu anayetaka bei ya mwisho.

"Mama. Nusu kubwa au nusu ndogo?"